Bakshishi ya Kugongwa Mezani

Juzi, katika hoteli moja ya chai hapa Garsen, binti mmoja wa kijiji cha Wema anayegawa karata kwenye kasino huko Mombasa aliulizwa na mzee mnunuzi wa ng'ombe: "Mimi nikikupa bakshishi, si utanipa karata nzuri?"

"Hapana, baba. Bakshishi naigonga mezani kwanza, wote wasikie. Nikiondoka nageuza viganja, waone sikuficha kitu."

Akavigeuza taratibu, vitupu. Mzee akasahau kutafuna mahamri. "Subhanallah! Mbele ya watu wote?"

Mzee alipoinuka akampa mhudumu sarafu, lakini kwanza akaigonga mezani, ko! Hoteli nzima tukageuka.

Kama kila anayepokea kitu katika ofisi zetu angelazimika kukigonga mezani hivyo, Garsen nzima tungeziba masikio.