Mikono ya Kushoto Ishirini na Miwili

Saa nne asubuhi fundi cherehani ana pini tatu mdomoni, mguu mmoja kwenye kanyagio, na mtoto wa miezi tisa amening'inia kwenye sketi yake. Mtoto anataka futi ya kupimia. Amepewa kijiko, amekitupa. Amepewa kopo tupu, amelitupa vilevile. Anataka futi, basi.

Nyumbani wanamwita Bosi, maana kazi hafanyi na amri anatoa.

"Tangu azaliwe sijamaliza kikombe kimoja cha chai kikiwa bado cha moto," fundi huyo aliliambia gazeti hili, baada ya kuzitoa zile pini. "Na usiandike kwamba nalalamika. Andika kwamba nimechoka."

Ameshona miaka kumi na minne katika chumba hikihiki cha mbele, dirisha likitazama barabara. Kabla ya Bosi, alikuwa akimaliza nguo nne kwa siku. Siku hizi akimaliza moja anajipongeza. Mumewe ni dereva wa lori. Hurudi Jumamosi, humrusha mtoto juu mara tatu, wakacheka wawili hao, kisha baba huyo analala fofofo.

Wiki mbili zilizopita mambo yalimfika shingoni. Kanisa lao lilimpa kazi ya majoho kumi na moja ya kwaya, ya satini ya zambarau, yawe tayari kwa Jumapili. Mwalimu wa kwaya hakumficha: yakitoka vizuri, nguo zote za kanisa zitakuwa zake, yakiharibika, kazi inahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Satini ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukikata mikono, unalaza vitambaa viwili viwili, uso kwa uso, ili kila mkato utoe mkono wa kulia na wa kushoto. Hata mwanagenzi wa juzi analijua hilo. Lakini Jumanne ile Bosi alikuwa anaota jino, amelia tangu kuamka, na mama yake alilaza kitambaa akiwa amembeba mgongoni, akimbembeleza kwa kuchezacheza. Akavilaza vyote vikitazama juu. Akakata. Ishirini na miwili, yote ya kushoto, na kitambaa kimekwisha.

Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka sakafuni juu ya shuka, akatoka nje na kufunga mlango. Alikusudia kwenda mbali, walau hadi kwa mama mkwe wake, ambaye kila siku humsema kwa nini haajiri yaya kama wenzake.

"Nilipiga hatua tatu," anasema. "Yeye analia ndani, mimi nalia nje. Nikarudi. Hasira hazikuisha, usidhani. Nilimbeba huku nimenuna."

Hapo ndipo lilipomwingia neno ambalo, kwa maelezo yake, amehubiriwa tangu utotoni likipita tu masikioni.

"Nikiambiwa Mungu ni Baba, mimi nilikuwa nawaza fimbo. Siku ile nikawaza mlango. Huyu mtoto hajanifanyia jema hata moja, kazi yake kunikojolea, na bado siwezi kumwacha hatua tatu. Na mimi ni mwenye dhambi, hasira zangu mtaa mzima unazijua. Sasa Yeye je? Nikaelewa kwa nini alishuka mwenyewe kutufuata."

Ufunuo huo haukushona hata mkono mmoja. Ilibidi ageuze kumi na moja ndani nje, upande uliofifia ukawa juu, aishone kulia. Ijumaa mwalimu wa kwaya alipofika, alimweleza yote bila kupunguza. Mwalimu akavaa joho moja, akainua mkono wa kulia, akaugeuzageuza penye mwanga wa dirisha.

Mwishowe akasema waumini hawatazami mikono, wanasikiliza nani kakosea sauti. Kazi zitabaki kwake, ila kwa sharti moja: atafute mtu wa kumsaidia, maana hawezi kukata na kulea kwa wakati mmoja. Mama mkwe aliposikia, alifurahi kupita kiasi.

Mpango upo. Kabla mwaka haujaisha fundi anataka cherehani ya pili, na mtu wa kumlipa mshahara.

"Nitaajiri fundi," anasema, akimpokonya Bosi kifungo alichokuwa anakielekeza mdomoni. "Yeye akate mikono. Mtoto nitamshika mwenyewe."