Reli Mpya za Droo ya Unga

Mama alianguka shambani kwake Mghange, huko mlimani, kwenye matuta ambayo ameyapanda na kuyashuka tangu aolewe, na mkono wake wa kulia haukurudi sawa. Mfupa uliunga vizuri, lakini nguvu haikurudi. Wa kushoto nao baridi ya mlimani ilikuwa imeshauharibu vidole. Daktari alituambia asiishi peke yake tena. Mama alimsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, na tulipotoka nje akaniuliza kama mbuzi wamepewa maji.

Nilimbembeleza ashuke Voi akae kwangu. Mwishowe alikubali, ila kwa sharti moja, kwamba atajipikia mwenyewe.

"Nikipikiwa mimi ni mgeni," alisema. "Na mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe sishiki tena. Sasa mtanipa nini?"

Alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua. Alikuwa ameshawahi kuja, muda mfupi baada ya kuanguka, na aliondoka kwa sababu ya droo.

Kabati langu la jikoni lilitengenezwa zamani, na droo zake zilikuwa mbao juu ya mbao, bila reli ya aina yoyote. Ile kubwa ya chini, ninamoweka unga, ilikuwa na tabia zake. Ilibidi uinyanyue kidogo, uitikise upande wa kushoto, halafu uivute kwa hasira. Hasira mimi ninazo za kutosha, kwa hiyo hatukuwahi kugombana. Lakini siku ile nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama amekaa mezani na chai tupu, na mchana ulikuwa umeshapita. Droo ya unga ilikuwa imemshinda. Kesho yake asubuhi akasema kuku wake watakuwa wamemkumbuka, akapanda mlima.

Utaniuliza kwa nini sikuuweka unga mezani tu, mambo yakaisha. Angejua kwa nini umewekwa mezani. Mama hajawahi kusoma cheti cha daktari, lakini jikoni husoma kila kitu.

Basi nikaamua kubadilisha droo kabla hajaja. Nilimpelekea fundi wa mbao, akaibomoa na kuiunda upya ikiwa nyembamba zaidi, kwa sababu reli za chuma zinahitaji nafasi ya nusu inchi kila upande. Uso wake wa mbele akauacha ule ule. Kuhusu kufunga reli zenyewe aliniambia atakuja kesho. Kesho ya fundi naijua. Nikachukua bisibisi, nikaenda duka la hadwea.

Mwenye duka, mtu wa bara aliyehamia Voi kitambo, alinitolea aina mbili. Za kwanza zilikuwa za kawaida, chuma na gololi ndani. Za pili alizishika kwa mikono miwili.

"Hizi ndio za kisasa, dada. Unasukuma kidogo tu, inajifunga yenyewe polepole. Hata mzee hawezi kubanwa kidole."

Aliposema mzee nilikuwa nimeshanunua.

Nilizifunga Jumamosi, nimepiga magoti sakafuni, jasho likinitiririka mgongoni, vumbi jekundu la dirishani likinata kwenye mafuta ya reli. Reli moja ikiwa juu kidogo kuliko mwenzake, droo inapinda na kukwama katikati. Nilipima, nikatoboa, nikakosea, nikang'oa skrubu, nikapima tena. Nilimtukana fundi, kisha aliyevumbua droo, kisha mimi mwenyewe. Ilipokubali niliivuta ikaja yote mpaka nyuma, nikaisukuma ikaingia kimya, na pale mwishoni ikajivuta ndani kama paka anayeingia kulala. Niliifungua na kuifunga nadhani mara ishirini. Nilijipongeza kwa sauti.

Mama akaja na mkoba wake mmoja. Ule mkoba ulinikosesha raha, kwa sababu mtu anayekuja kukaa huja na vitu vingi kuliko vile.

Asubuhi yake aliingia jikoni. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya nakunja nguo, na nilikunja taulo lile lile tena na tena. Alishika mpini kwa vidole vya kushoto, akavuta. Droo ikasogea kidogo, ikarudi ndani. Akavuta tena, akisaidia na mkono wa kulia. Ikatoka upana wa kidole, halafu ikarudi taratibu, kwa adabu, ikajifunga.

"Hata hii imenikataa," Mama alisema.

"Ngoja nikufungulie, Mama."

"Na ukienda kazini?"

Alifuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa imelowa.

"Kwangu hakuna droo," akasema. "Unga uko kwa ndoo. Ndoo inafunguka. Kesho nitapanda."

Alipotoka kwenda kukaa barazani nilipiga magoti mbele ya ile droo, na moyo ulikuwa unanienda mbio kana kwamba nimeitwa polisi. Niliivuta kwa kidole kimoja, kile kidogo. Ndipo nilipoielewa. Mwishoni mwa reli kuna springi inayoikamata droo na kuivuta ndani, na ili uifungue lazima kwanza uishinde ile springi. Kwa mkono wangu huo ni mvuto mdogo, huusikii. Nilikuwa nimeijaribu droo mara ishirini kwa mkono usio na ugonjwa wowote. Nilimwona Mama akiteleza tena kwenye matuta, peke yake, mvua inanyesha, hakuna wa kumsikia. Picha hiyo haikuniacha njia nzima ya kwenda dukani.

Mwenye duka alishangaa.

"Watu hurudisha za kawaida wachukue hizi. Wewe unafanya kinyume."

"Nipe za kawaida," nilimwambia, na nadhani nilimwambia vibaya, maana hakunitania tena.

Matundu yalikuwa yale yale, kwa hiyo sikuchelewa. Nilizifunga, nikazijaribu kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, nikiwa nimefumba macho, sijui kwa nini. Droo ilikuja bila ubishi. Nikamwita.

Mama aliitazama kwanza, halafu akaivuta kwa vidole viwili. Ikafunguka yote. Akachota unga kwa kikombe, akaisukuma kwa goti, ikafunga. Nilitaka kuruka. Nilijizuia, nikaendelea na lile taulo langu, lakini ndani yangu nilikuwa nimeshashinda. Nilikuwa nimeshaamua mahali kitanda chake kitakapokaa.

Maji yakachemka. Akatia unga, akakoroga, na mwanzoni mwiko ulizunguka vizuri, uji tu. Unga ulipoanza kushikana mwiko ukapunguza mwendo. Alibadilisha mkono. Akabadilisha tena. Aliegemeza tumbo kwenye meza apate nguvu, akasukuma, na mwiko ukasimama katikati ya ugali, yeye ameushikilia, ugali umeushikilia.

"Labda ni hiyo sufuria, Mama," nilisema haraka. "Ni kubwa. Nitatafuta ndogo. Ama huu moto ni mkali, hii gesi hainaga adabu."

Alipunguza moto mwenyewe. Mapovu ya ugali yalipasuka moja moja.

"Wacha sufuria," akasema. "Asubuhi nilisema ni droo. Ile siku ya kwanza pia nilisema ni droo, njia yote ya kupanda nyumbani. Sasa droo haina makosa."

Akautoa mkono wake kwenye mwiko, polepole, akasogea pembeni kunipisha.

"Songa wewe. Kwangu sirudi."

Hilo ndilo neno nililokuwa nikimwomba Mungu alitoe mdomoni mwake. Nilishika mwiko, nikausonga ule ugali mpaka ukaiva na kupita kuiva, kwa sababu sikuweza kugeuka nimtazame.