Modemu Nje ya Dirisha

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya kompyuta kuukuu bado hunirudisha Daudi, kijiji chetu cha milimani, kwenye ofisi ya shule alikofundisha mama. Bibi alikuwa anazikwa mchana ule huko kwao Kigoma, na mama asingeweza kuwahi. Mjomba alikuwa akituonyesha mazishi kwa simu yake, nasi tukitazama kwenye kompyuta ya shule, ila mtandao ulikatika kila mara. Mwalimu mkuu alizima, akawasha, akachomoa modemu na kuifuta kwa shati. Mwishowe aliiunganisha na waya mrefu, akanipa niishike nje ya dirisha.

"Inua juu, mwanangu," alisema.

Nilisimama kwenye ukungu, vidole vikifa ganzi, nikisikia kina mama wakilia nyumbani kwa bibi. Ghafla sauti zikakatika. Nikapanda juu ya tofali, nikainua mkono zaidi, nikageukia kila upande. Kimya.

Nilipochungulia ndani, picha ilikuwa imeganda, jeneza likiwa bado mlangoni. Mwalimu mkuu alinyoosha mkono kwenye swichi.

"Pole sana, mwalimu. Ngoja niwashe upya."

"Usizime," mama alisema. "Hapo bado hawajamtoa."