Fundo la Sufu Nyekundu

Msusi alikuwa na mikono iliyosifiwa mtaa mzima. Mteja alikaa kwenye kigoda pale sebuleni akiwa na kichaka kichwani, akaondoka na mistari iliyonyooka utadhani imepigwa kwa rula, na muda wote huo msusi hakununa wala kuguna. Lakini subira hiyo iliishia kwa wateja. Kwa binti yake wa kumzaa hakubakiza hata punje.

Binti alikuwa darasa la pili, moto wa kuotea mbali, ndiyo maana nyumbani walimwita Kiberiti. Akianza kufunga kamba za viatu, mama humfungia. Akishika kiazi amenye, mama humpokonya kisu: "Lete huku, utatulaza njaa!" Basi mtoto akazoea kutupa chini kila kilichomshinda, maana mikono ya kukiokota haikukosekana.

Ndipo akaja wifi. Huyu alikuwa dada mdogo wa mume, mfumaji wa masweta, na nyumba aliyopanga ilikuwa imeuzwa ghafla. Aliingia na begi la nguo na mifuko ya masweta makuukuu, aliyokuwa akiyafumua ili apate sufu ya kufumia mapya.

"Wiki chache tu, wifi," alisema.

"Jisikie nyumbani, wifi," msusi akajibu, na siku hiyo aliyasema kwa moyo mweupe.

Moyo ulianza kuingia doa alipoona Kiberiti amekaa. Mtoto ambaye hakuwahi kumaliza sahani ya chakula bila kuinuka mara kadhaa, sasa alikaa mkekani jioni nzima, amenyoosha mikono mbele, shangazi akimzungushia uzi viganjani. Wakichambua mchele, Kiberiti alichambua mpaka punje ya mwisho. Wakikanda unga wa maandazi, aliufunika kwa kitambaa na kuuacha uumuke bila kuuchungulia.

"Umempa dawa gani mwanangu?" msusi aliuliza, akijichekesha.

"Dawa gani, wifi? Namwachia tu amalize."

Jibu lile lilimchoma kuliko tusi. Kumbe mimi simwachii! Mimi niliyembeba tumboni, leo nafundishwa ulezi na mtu ambaye hajawahi kulea hata paka! Usiku akamlalamikia mumewe, naye seremala wa watu, hoi kwa kazi, akajigeuza ukutani: "Si ni vizuri mtoto katulia?" Msusi akaona hata mume kahamia upande wa pili.

Kazi kubwa ya shangazi na mtoto ilikuwa sweta moja jekundu, ambalo lingegeuka kuwa sweta la Kiberiti. Walipolifumua, uzi ukajiviringa katikati, likatokea fundo kubwa kama ngumi. Wakalikalia jioni kadhaa. "Usivute," shangazi alisema. "Ukivuta linakaza. Tafuta unakopita." Kila walipofungua kitanzi kimoja, walipigana viganja na kushangilia kama timu iliyofunga bao.

Asubuhi moja, Kiberiti akiwa shule na wifi ametoka kupeleka masweta ya watu, msusi aliliona fundo juu ya kiti. Hakuwa na mteja. Nikilifungua mimi, aliwaza, mtoto atarudi aone mama yake naye ana mikono. Akakaa. Akatafuta ncha, akaipoteza, akaipata nyingine. Akavuta. Fundo likakaza. Mimi mwenye kusuka vichwa vya watu wazima nashindwa na furushi la sufu! Akawaona akilini wawili wale wakipigana viganja, akasikia vicheko vyao, na kabla hajajizuia alikuwa ameshika mkasi wake wa kazi. Kacha, kacha, kacha. Akabaki na vipande mapajani.

Kiberiti aliporudi alisimama mlangoni, begi bado mgongoni. Wifi naye ndiyo kwanza alikuwa ameingia. Msusi alingoja kilio kilichozoeleka cha kupasua bati. Hakikuja. Mtoto aliokota vipande kimoja kimoja.

"Nani kakata?"

Wifi aliutazama mkasi juu ya meza, uliokuwa umenasa nyuzi nyekundu, kisha akamtazama msusi.

"Labda ni mimi, mwanangu," alisema taratibu. "Asubuhi nilikuwa na haraka."

Hapo wivu ukampanda msusi mpaka utosini. Yaani hata kosa langu analichukua, aongezewe sifa!

"Siyo yeye!" akafoka. "Ni mimi. Nimekata mimi, mama yako."

Kiberiti akamgeukia, vipande mkononi.

"Ulichoka kungoja?"

Msusi akatikisa kichwa kukubali.

"Basi tuviunge," mtoto akasema, akakaa chini na kumvuta mama upindo wa nguo. "Shika hapa. Siyo hivyo, mama. Polepole, usivute."

Ilikuwa sauti ya wifi tupu ndani ya kinywa cha mwanawe, na ilimuuma. Vidole vyake vilimwasha kumpokonya mtoto vile vipande aviunge mara moja. Akavikunja ngumi, akavikunjua, akashika aliposhikishwa. Kiberiti akaunga kimoja, kikafunguka, akarudia ulimi ukiwa nje. Kiliposhika, aliinua kiganja, na kwa mara ya kwanza kiganja kilichokipokea kilikuwa cha mama yake.

Wifi alikuwa ameshaondoka kimyakimya kwenda jikoni. Baadaye akachungulia mlangoni.

"Chakula tayari, njooni kabla hakijapoa."

"Tungoje kidogo, wifi," msusi akasema bila kuinua macho, akijongea karibu zaidi na mtoto. "Hatujamaliza."

Wifi akarudi jikoni kungoja. Na msusi, Mungu amsamehe, akaona raha kumngojesha.