Vioo Vitano vya Yurub

Kitu cha kwanza ambacho mgeni angekiona kwa Yurub Bulle kilikuwa kikaango chake. Kila Jumapili asubuhi, katika fleti ya ghorofa ya tatu mtaani Umoja, alisimama jikoni akikaanga punje ndogo zinazong'aa, akizigeuza taratibu kwa mwiko kama mtu anayekaanga njugu. Hazikuwa chakula. Zilikuwa zile punje zinazowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya ili zinyonye unyevu. Shangazi yake Habibo, aliyeishi naye na kuuza viatu kwa jumla Eastleigh, alimkusanyia vipakiti vyake dukani. Moto uliziondolea punje maji, zikawa tayari kunyonya tena. Maabara ya utafiti alikofanya kazi Yurub haikuwa na nyingine.

Unyevu ndio uliokuwa adui wa Yurub. Kwa miaka miwili tangu apate shahada ya uzamivu alikuwa akitafiti peroviskaiti, fuwele zinazotengenezwa maabarani na kupakwa juu ya kioo kama wino, zikikauka zinakuwa utando mweusi mwembamba kuliko unywele. Mwanga ukiugonga utando huo, elektroni hubanduka na kuanza kukimbia. Swali lake lilikuwa moja tu: elektroni hizo hukimbia kwa muda gani kabla ya kunaswa? Zikidumu, paneli ya sola ya bei nafuu itawezekana. Lakini hewa yenye maji ikiugusa utando, huanza kuoza pembeni kimyakimya, mwishowe ukageuka manjano na kuwa takataka.

Mtaani hawakuwa na subira na hayo. Njogu, mwenye duka la chini ya fleti, alimsimamisha kila wiki.

"Daktari, niaje. Taa yangu ya sola imekufa tena. Ama huko kusoma kwako miaka yote hamjafika kwa taa?"

Yurub aliifungua taa, akakaza waya uliolegea, akairudisha. Njogu aliwaambia wateja kwamba angalau hiyo shule imesaidia mtu mmoja.

Mashine ya kupima elektroni zake haikuwako nchini. Ilikuwa Ujerumani, mahali alipofanya kazi Benta, mwanafunzi mwenzake wa zamani. Mara ya kwanza Yurub alipotuma vioo, kikasha kilifunguliwa njiani kikaguliwe, vikafika vya manjano. Mara ya pili vilifika vimeoza pembeni. Sasa ilikuwa Aprili, mkataba wake ungeisha mwisho wa Juni, na Profesa Kiarie, msimamizi wake, alikuwa amemweleza bila kuzunguka kwamba pasipo vipimo hivyo hapangekuwa na sababu ya kumwongezea muda. Baada ya Alhamisi aliyopangiwa Benta kupima vioo vipya, mashine ingefungwa kwa matengenezo ya mwaka mzima.

Alitengeneza vioo vitano ndani ya naitrojeni, gesi kavu isiyo na unyevu, ile ya mwisho iliyobaki kwenye mtungi. Kila kioo alikitia ndani ya chupa yake, akaizungushia vipakiti, akakaza kifuniko. Kwa kuwa maabara hufungwa Jumamosi na mzigo ulitakiwa kuondoka Jumamosi hiyo, Ijumaa alikwenda na kikasha nyumbani, amekipakata mapajani njia nzima.

Asubuhi alipotoka bafuni, nyumba ilikuwa imejaa harufu ya unsi, ule udi mtamu wanaoufukiza wanawake wa Kisomali. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na kuta zilitoa jasho. Habibo alikuwa amechuchumaa sakafuni mbele ya chetezo. Chupa tano zilikuwa wazi, zimepangwa kuzunguka moshi, vifuniko vikiwa vimewekwa vizuri juu ya kitambaa safi.

"Hakuna kitu kinachotoka nyumba hii kwenda safari bila harufu nzuri," Habibo alisema bila kugeuka. "Hata wewe siku ya kutetea kitabu chako nilikufukiza, ukarudi daktari. Mara mbili hizi ulizituma kavukavu, ukaona zilivyofika."

Yurub alipiga magoti, akafunga chupa moja baada ya nyingine. Aliuliza zilikuwa wazi kwa muda gani. Dakika kumi, au kumi na tano, shangazi hakuangalia saa. Yurub aliziinua chupa kuelekea dirishani, akavitazama vioo. Vilikuwa bado vyeusi. Hilo halikumwambia kitu, maana kuoza huanza mahali ambapo jicho halifiki.

Habibo alimwangalia usoni, mkono ukabaki hewani juu ya chetezo.

"Nimeharibu, mamangu?"

Yurub alimkumbuka akiwa dukani, akifungua boksi la kila mteja ili atoe kipakiti kimoja.

"Hapana, Eddo," alimjibu, akimwita shangazi kwa Kisomali.

Alimpigia Profesa Kiarie simu kutoka kwenye ngazi, akamweleza yote. Profesa alimwambia atume tu, hawana kingine. Hakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Yurub alibadilisha vipakiti, akafunga kikasha kwa utepe wa gundi, akakipeleka kama mtu anayepeleka barua ambayo jibu lake analijua.

Alhamisi Habibo hakufungua duka. Alivaa nguo ya Ijumaa, akaketi kwenye kochi kando ya mpwa wake. Alikuwa ameshawatangazia wafanyabiashara wa jengo zima kwamba leo kitu cha Yurub kinafunguliwa Ulaya. Yurub alikuwa amekwisha kuandika nusu ya barua ya kuomba kazi ya kufundisha fizikia katika shule ya sekondari.

Saa nne kasoro dakika tano Benta aliandika kwamba kikasha kiko mezani, hakijaguswa, na kwamba simu haziruhusiwi ndani. "Nikitoka nitakutumia picha ya vipimo, dada. Kabla ya saa sita zenu."

Habibo aliomba asomewe ujumbe huo mara ya pili. Kisha akasogea karibu, akaiweka simu juu ya meza ndogo mahali wote wawili wangeweza kuiona, kioo chake kikitazama juu.