Pete Iliyozunguka Jua

Nilikuwa mwalimu wa miaka ishirini na tano, mwaka wa pili kazini, na hakukuwa na kitu duniani nilichokuwa sikijui. Kwa hiyo asubuhi ile pete ilipotokea kuzunguka jua juu ya Luanda Kotieno, kijiji chetu kando ya ziwa, kubwa, nyeupe, na ukingo wake wa ndani mwekundu kidogo, niliwaona majirani wakijishika vichwa nikacheka.

Mume wangu alikuwa amejiandaa kuvuka ziwa kwenda Mbita na binti yetu wa miaka miwili, mtoto akamsalimie shangazi yake, kisha warudi mchana huohuo. Mama mkwe akawazibia mlango.

"Hii jua imefungwa," alisema. "Leo hakuna mtu anaingia maji."

"Hiyo ni barafu tu, Mama."

"Barafu? Na hii joto yote?"

Nikamweleza kwa sauti ya darasani. Juu sana kuna wingu jembamba lenye chembe za barafu. Mwanga wa jua ukipita ndani ya chembe hizo unapinda, nasi huku chini tunaona duara. Hakuna mkosi wala laana. Mume wangu alitutazama kwa zamu, akambeba mtoto, akaondoka. Mama mkwe aliingia jikoni, nami nikajiona mshindi.

Niliyosema yote yalikuwa kweli. Ila sikujiuliza lile wingu jembamba lilikuwa limetoka wapi. Saa nane mchana nilipata jibu: lilikuwa ncha ya dhoruba iliyokuwa mbali, imetandazwa na upepo wa juu hadi kwetu, na sasa dhoruba yenyewe ilikuwa imefika. Mwanga uligeuka manjano machafu, kisha ziwa likawa jeusi kama sufuria ya kuni. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati.

Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Kichwani nilimwona mtoto tu, na yale maji. Mama mkwe alisimama dirishani akiomba kwa Kijaluo, hakunitazama hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Nilitoka mbio, bila viatu, mawe yakinipiga mabegani. Ufukweni sikuona hata mahali ziwa linapoanzia. Mvua ilikuwa ukuta. Nilimwita mume wangu, nikamwita mtoto, nikaingia majini hadi magotini bila kujua naenda wapi. Wimbi liliniangusha. Nilipoinuka, nikiwa na mchanga mdomoni, nilikuwa na hakika kwamba nimewaua.

Mkono ukanishika kwa nyuma. Alikuwa mume wangu. Akanivuta hadi kwenye kibanda cha kukaushia samaki, na humo, juu ya nyavu, binti yangu alikuwa amelala, mkavu kabisa.

"Hatukupanda," alisema. "Hakuna mashua imetoka leo. Mimi nilijua tangu nyumbani hatutavuka, lakini sikutaka kukuaibisha mbele ya mama."

Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, kisha nikamchukua mtoto nikalia hadi akaamka. Alikuwa hai kwa sababu baba yake hakuniamini.