Nyasi za Kiingereza

Shule yetu ilipata mwalimu wa Kiingereza kwa kura ya nyasi. Sikutanii. Hakuna aliyenyoosha mkono, wala hakuna karatasi iliyotumbukizwa kwenye sanduku. Wanawake walibeba nyasi kichwani, wakazitua chini ya ukuta wa shule, tarishi wa jumbe akahesabu mizigo, na Jumatatu yake kijiji kizima kikaambiwa kwamba watoto wa darasa la tatu na la nne wataanza kusoma lugha ya Wazungu.

Nilidhani nimekwisha kuisahau habari hiyo mpaka mwaka jana, nilipokuwa natoka Mbeya kwenda Iringa. Tulisimama Nyololo kununua viazi. Mama mmoja akapita kando yangu na mzigo wa nyasi kavu za kuezekea, umefungwa sehemu tatu kama ulivyofungwa zamani, na ile harufu ya vumbi na jua ikanifikia kabla sijamwona vizuri. Nilibaki nimesimama na mfuko wa viazi mkononi mpaka dereva akapiga honi.

Acha nikueleze kwa mpangilio, maana habari hii ukiivuruga haieleweki.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mufindi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka barabara kubwa. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na mimi nilikuwa darasa la kwanza. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya kwetu haikuwa ya mchezo. Umande uliganda juu ya majani, ukikanyaga unasikia yanavunjika chini ya nyayo. Tulikwenda shule na viazi vilivyotoka kwenye majivu ya moto, kimoja kila mkono. Kwanza vikupashe vidole joto, kisha uvile ukifika. Baba alikuwa Tanga kwenye mashamba ya katani, na mama alikuwa amemfuata. Nyumbani tulibaki watatu: bibi, dada yangu aliyekuwa darasa la tatu, na mimi. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo dada ndiye aliyekuwa macho yake. Ndiye aliyechambua mawe kwenye ulezi, ndiye aliyetunga uzi kwenye sindano, ndiye aliyetangulia njiani wakienda bondeni kwenye kinyungu, ile bustani tunayolima penye unyevu hata kiangazi.

Shule ilikuwa na vyumba viwili vya matofali mabichi na paa la nyasi lililozeeka. Mvua ikinyesha, darasa la kwanza tulihamia kona moja, tukabanana kama vifaranga, na mwalimu akaendelea kufundisha huku amefunika daftari lake kwa koti. Nyuma ya shule kulikuwa na shamba la pareto. Kila Ijumaa tulichuma yale maua meupe, tukayaanika kwenye vichanja, na jioni vidole vilinuka pareto hata ukila ugali. Fedha ya maua hayo ilikuwa imewekwa miaka mingi kwa shabaha moja tu, ambayo kila mtoto aliijua: bati. Shule yetu ingeezekwa bati, ling'ae mpaka watu wa ng'ambo ya bonde walione.

Ndipo mwalimu wetu mkuu alipotoka kwenye baraza la jumbe na habari mpya. Shule itakayoweza kumlipa na kumpa nyumba mwalimu wa pili, imeruhusiwa kuanza Kiingereza mapema, bila kungoja shule ya kati. Na alisema jambo jingine, akimtazama dada yangu alipolisema: nafasi za wasichana katika shule ya kati ya bweni zilikuwa chache sana, na anayefika pale akiwa na maneno mawili matatu ya Kiingereza hapiti mlango sawa na asiye nayo. Dada alikuwa wa kwanza darasani tangu alipoanza shule. Siku ile alirudi nyumbani, akasaga ulezi mwingi kuliko tuliouhitaji.

Fedha ilikuwa moja. Ama inunue bati, ama imlipe mwalimu.

Wazazi waliitwa, wakakaa kwenye jua mbele ya shule, wanaume kwenye viti na magogo, wanawake chini kwenye nyasi. Sisi watoto tulijifanya tunafagia. Jirani yetu mmoja alikuwa mpishi nyumbani kwa Mzungu wa shamba la chai, na ndiye aliyekitetea Kiingereza kwa nguvu zote. Alisema watu wanatia dole gumba kwenye karatasi wasizozijua zinasema nini, na kwamba mtoto mmoja tu anayesoma angewaokoa wengi. Mwinjilisti, ambaye ndiye aliyetufundisha nyimbo Jumapili, alimjibu kwa upole kwamba mtoto aliyelowa hasikii lugha yoyote. Watu wakacheka. Mzee mmoja akamgeukia mpishi.

"Wewe mwenzetu Kiingereza unacho. Kimekufikisha wapi? Mpaka kwenye sufuria."

"Kimenifikisha kwenye sufuria yenye nyama," mpishi akasema, na kicheko kikamrudia mzee.

Bibi aliomba nafasi ya kusema. Alisema kwa Kihehe, kama walivyosema karibu wote. Alisema Kiswahili chenyewe kimeletwa juzi na bado hakijazoeleka midomoni mwa watu. Yeye akitumwa dukani anakirudia njia nzima kisije kikamponyoka. "Mgeni wa kwanza hajapata pa kukaa," alisema, "nanyi mnafungua mlango kwa wa pili." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba anayejua lugha ya watu wa mbali mwisho huishi kwao. Nilimtazama dada. Alikuwa anafagia mahali palepale alipokwisha kufagia.

Mkutano haukuelewana, na hapo mwalimu mkuu akatoa shauri ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la hekima au la ujanja. Alisema: kama fedha itamlipa mwalimu, basi paa itabidi liezekwe tena kwa nyasi, na nyasi hizo zitoke kwenu. Jumamosi ijayo, anayetaka Kiingereza alete mzigo mmoja. Anayetaka bati akae nyumbani kwake. Mizigo ikitosha vyumba viwili, tunamwita mwalimu. Isipotosha, tunanunua bati. Wote wakaona ni haki.

Lakini Ijumaa aliwapandisha wavulana wa darasa la nne juu ya paa wayatoe majani ya zamani yote, eti fundi apate kuona kama fito za mianzi zimeoza. Tulipotoka shuleni jioni ile shule ilikuwa imebaki mifupa. Kila mwanamke aliyepita njia ya kisimani aliiona.

Lazima uelewe jinsi tulivyoishi ndipo uone kosa lilikuwa wapi. Kwetu kulikuwa na mgowe. Mtu akiwa na kazi kubwa, kulima au kujenga, kijiji kizima kinakwenda, na mwenye kazi anapika. Nyumba ikiwa wazi juu na wewe una mikono miwili, hukai kwako. Hakuna sheria iliyosema hivyo, aibu ilitosha. Sasa mwalimu alikuwa ameomba watu wapige kura kwa kitu ambacho mama yeyote wa kwetu angekileta hata asipoulizwa.

Jumamosi ukungu ulikuwa haujainuka bado walipoanza kufika. Tulisikia kwanza salamu, "Kamwene, kamwene," kisha mizigo ikatokea ikielea juu ya ukungu, na wenyewe chini yake baadaye. Walikuja waliopiga makofi kwa ajili ya Kiingereza. Walikuja pia waliolilia bati. Mwinjilisti alisimama pembeni ameshika kiuno, akamwita mama mmoja aliyekuwa amesema maneno makali kuliko wote kwenye mkutano.

"Mama, si wewe uliyesema unataka bati?"

"Nalitaka hata sasa," mama akamjibu, anajifuta majani shingoni. "Lakini nitakaaje nyumbani shule ikiwa uchi?"

Mwinjilisti alimwendea tarishi akamwambia hesabu hiyo si kura, ni mgowe. Tarishi akasema yeye ametumwa kuhesabu mizigo, hakutumwa kuhesabu mioyo. Akaendelea kuweka alama kwa mkaa kwenye kibao chake.

Bibi alikuwa ametoka nyumbani alfajiri na dada, mundu mkononi, bila kutuambia lolote. Sikujua wamekwenda wapi mpaka nilipowaona wakija. Mzigo wa bibi nilizitambua nyasi zake mara moja. Zilikuwa ndefu, za kimanjano, za kile kipande karibu na kinyungu ambacho alikuwa amekilinda tangu mvua zilipoisha, asikubali hata mbuzi wa jirani apite. Alikilinda kwa ajili ya nyumba yetu, maana paa letu lenyewe lilikuwa linavuja juu ya mahali tunapolala. Dada alikuwa nyuma yake na mzigo mdogo. Mwalimu mkuu alikwenda kumpokea kwa heshima, akamsaidia kutua.

"Bibi, huu ni mzigo wa Kiingereza?"

Bibi alivua ngata kichwani, akaikung'uta.

"Huu ni mzigo wa nyasi, Mwalimu," akasema, akaenda kukaa na wanawake wenzake waliokuwa wakipika kande.

Mchana wanaume walikuwa juu ya paa wanaezeka, ulanzi unazunguka chini kwenye vibuyu, na sisi watoto tukanywa togwa mpaka matumbo yakauma. Mizigo ilizidi. Iliyobaki iliezeka jiko la mwalimu mgeni.

Mwalimu huyo alikuwa kijana Mnyakyusa kutoka upande wa Tukuyu, mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi na baiskeli aliyoifuta kila jioni. Hakujua Kihehe hata chembe. Kwa sababu yake kijiji kizima kilianza kusema Kiswahili, kwani hapakuwa na njia nyingine ya kumuuzia mayai. Bibi naye alijikuta anabishana naye kwa Kiswahili juu ya bei ya maharage, na alikuwa anashinda. Mimi huwa nawaambia watu kwamba mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyetufundisha Kiswahili, nao hudhani ni mzaha.

Kila jioni dada alikariri kando ya moto. Alitaja tebo, akataja cheya, akataja windo, vitu ambavyo nyumba yetu haikuwa navyo hata kimoja. Bibi alisikiliza huku anapepeta. Siku moja alimtuma amwulize mwalimu kinyungu kinaitwaje kwa Kiingereza. Dada alirudi na jibu kwamba mwalimu amefikiri sana, na hadhani kama Waingereza wanacho. Bibi alicheka mpaka akaweka ungo chini. Tangu siku hiyo alimwonea mwalimu huruma, akawa anampelekea mboga za majani bila kuombwa.

Mvua za mwaka ule zilitulowesha nyumbani. Tulilala tumezungukwa na vyungu, kila kimoja na sauti yake. Shuleni tulikaa pakavu.

Mwisho wa darasa la nne dada alifaulu, yeye na wavulana wawili. Aliitwa shule ya bweni upande wa Iringa, na Januari akaondoka na sanduku la mbao kichwani, mpishi akimsindikiza mpaka barabara kubwa. Bibi hakumsindikiza.

Mwalimu wa Kiingereza hakukaa sana baada ya hapo. Alipata kazi ya ukarani Mbeya, Kiingereza chake kikamchukua kama bibi alivyosema kwamba huwachukua watu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia darasa la tatu, na hapakuwa tena na wa kunifundisha, fedha ya pareto ilikuwa imekwisha, na paa lilikuwa limeanza tena kuvuja juu ya kona yangu. Kwa hiyo ukiniuliza kama shule yetu ilifanya vema kununua lugha badala ya bati, unamwuliza mtu aliyekosa vyote viwili, na bado nashindwa kusema ilikosea.

Bati lilikuja, muda mrefu baadaye. Mwaka jana, nikirudi kutoka Iringa, niliteremka Nyololo nikatafuta gari la kunifikisha kule. Shule sasa ina vyumba vingi, na pareto hakuna, wamepanda miti. Watoto waliniamkia kwa Kiingereza, kwa sauti moja, kisha wakacheka. Niliuliza habari za mgowe kwa kijana mmoja, akanitazama kwa adabu, akasubiri nimweleze. Nilitafuta wanawake waliobeba nyasi siku ile. Nilimpata mmoja tu mwenye kumbukumbu, ndiye yule aliyelilia bati, na alichokumbuka ni kande.

Dada aliishia kuwa muuguzi, akafanya kazi hospitali za mbali, akaolewa Mwanza, na huko ndiko aliko. Alirudi likizo ya kwanza, na bibi akamtembeza nyumba kwa nyumba awasalimie wanawake kwa Kiingereza. Hilo nililiona kwa macho yangu. Likizo zilizofuata zilikuwa fupi, kisha chache. Bibi alifariki dada akiwa kazini, na barua ilimkuta mazishi yamekwisha.

Siku hizi tunazungumza kwa simu, na tukifika kwenye habari za bibi huniuliza swali lilelile: alitaka niende, au alishindwa tu kunizuia? Mimi humkumbusha kwamba alizikata nyasi za nyumba yake mwenyewe. Yeye hujibu kwamba bibi angezikata hata kama shule ingekuwa ya jirani adui. Kisha huuliza, basi mbona siku ile hakunisindikiza?

Siku ile mimi nilikuwa na bibi kwenye kinyungu. Alipalilia tuta moja la kabichi asubuhi, akalimaliza, akarudi mwanzo wa tuta lilelile akaanza tena, na halikuwa na jani moja la kung'oa. Nilimletea maji mara mbili. Aliyapokea kwa mkono wa nyuma, bila kugeuka, na uso wake sikuuona mpaka jua lilipozama.